Msaada jamani: binti anataka vipodozi visivyo na mnyama wala kujaribiwa kwa wanyama, na rafu zimenishinda

DerevaWaJoliet

Wakuu, na zaidi dada zetu, habari za mliko. Mimi ni dereva wa lori, makazi Joliet, Illinois, na leo nina swali la vipodozi. Wenye kucheka wacheke kwanza, halafu wanisaidie.

Binti yangu anahitimu sekondari mwezi ujao. Ni mwaka sasa hali nyama, hali mayai, chai anakunywa ya rangi, na mkoba wake wa ngozi kampa mama yake. Tulidhani ni upepo, utapita. Haukupita. Zawadi aliyoomba ni faundesheni, maskara na lipstiki nyekundu, "ile nyekundu kabisa baba", kwa sharti kwamba visiwe na chochote cha mnyama ndani na visiwe vimejaribiwa kwa wanyama. Bajeti yangu dola 100.

Jumamosi nikaingia duka moja kubwa. Jamani! Kopo hili lina jani, lile lina sungura kakaa, la tatu sungura anaruka, la nne lina moyo tu. Nikamuuliza mhudumu, akanionyesha lipstiki yenye alama ya "Clean", akasema hiyo haina neno kwa lolote. Kabla sijalipa nikaipiga picha nikamtumia binti. Jibu: "Baba, hiyo ina mdudu."

Mdudu wa nini kwenye mdomo wa mtu? Naomba mnieleze hizo alama zinasema nini, sungura yupi wa kuaminika, na chapa zipi zina rangi za watu weusi hasa. Kuna rafu niliona faundesheni yake nyeusi kuliko zote ni rangi ya chai ya maziwa.

BintiKisauni

Kaka, hongera ya mahafali. Mimi mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, na kazi yangu ndiyo hizo rafu: nauza vipodozi upande wa Chicago, kwenye duka lenye matawi nchi nzima, jina niachie mwenyewe.

Binti yako kasema kweli. Mdudu huyo hukaa kwenye dungusi, kwa wingi huko Peru. Hukaushwa, husagwa, na hutoa wekundu uitwao karmini. Tangu 2011 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inalazimisha rangi hiyo itajwe kwa jina, basi kwenye boksi tafuta neno Carmine. Za Ulaya huandika CI 75470. Lipstiki nyekundu na blasha za waridi ndiko inakojificha sana. Ila kuna kitu kinachowachanganya wateja wangu kila wiki: mwisho wa orodha utaona "May contain" au alama ya +/-, kisha mlolongo wa rangi. Hizo ni rangi za familia nzima ya lipstiki hiyo, kuanzia ya hudhurungi hadi ya zambarau, zimeandikwa kwa pamoja ili boksi liwe moja. Karmini ikiwa humo, huwezi kujua kama nyekundu uliyoshika inayo au haina. Mimi humwambia mteja airudishe.

Sasa alama. "Clean" inahusu ngozi yako wewe, kwamba wameondoa kemikali kama parabeni, fthaleti, fomaldehidi na wenzao. Duka la vipodozi la Sephora walianza na yao 2018. Orodha ni ya duka lenyewe, serikali haimo, na kipodozi chenye nta ya nyuki au karmini kinaweza kuibeba alama hiyo bila kumdanganya mtu. "Vegani" ni habari ya kilichomo ndani, kwamba hakuna chochote kilichotoka kwa mnyama. Kutojaribiwa kwa wanyama ni habari ya kilichotendeka kabla bidhaa haijafika rafuni. Ukitaka mfano, chukua chapa ya Burt's Bees: wana cheti cha Leaping Bunny, yaani sungura anayeruka, hawajaribu kwa wanyama, lakini nta ya nyuki ndiyo jina na ndiyo sifa yao. Binti yako ataikataa, na ana haki. Na kinyume chake kipo pia, kitu cha mimea mitupu ambacho kampuni yake imekubali kijaribiwe ili kiuzwe nchi fulani.

Kwa sungura: neno hilo la kutotesa wanyama halina maana ya kisheria Marekani, FDA wenyewe wanasema hivyo, kwa hiyo yeyote mwenye kalamu anaweza kujichorea sungura wake. Wa kuaminika kwangu ni Leaping Bunny, yule anayeruka na vinyota. Mpango wao ulianza 1996; kampuni hupanga tarehe ya mwisho ya majaribio, hufuatilia hadi wanaowauzia malighafi, hufanya upya ahadi kila mwaka na hukubali kukaguliwa na watu wa nje. PETA, shirika la kutetea wanyama, nao wana sungura wao, lakini kwa miaka mingi wamejengea hasa juu ya tamko ambalo kampuni inaandika na kutia saini. Si bure, ila uzito si mmoja. Faida ya PETA ni kwamba orodha yao inatenganisha wasiojaribu tu na wasiojaribu ambao pia ni vegani. Usikodolee boksi macho. Fungua tovuti za hao wawili ukiwa dukani, andika jina la chapa, jibu linatoka hapo hapo.

Kwa nini sungura na si panya? Kwa sababu ya jaribio la Draize la 1944: kemikali inadondoshwa kwenye jicho la sungura kisha jicho linatazamwa siku baada ya siku. Mtoto wako nadhani aliona picha zake mahali. Wengi wanaokuja dukani na masharti kama yake wameziona.

Upande wa duka, Ulta wamekurahisishia. Makao yao makuu yako Bolingbrook, hapo jirani yako, na tangu 2020 wana mpango unaotenga alama ya vegani na alama ya kutojaribiwa. Kwenye tovuti yao chagua zote mbili kwa pamoja, moja peke yake haitoshi.

Chapa: e.l.f. yote ni vegani, ina Leaping Bunny na PETA, na mascara na lipstiki zake hazitagusa hata nusu ya pesa yako. Milk Makeup na Pacifica vilevile vegani. Rare Beauty, utaikuta Sephora, ni vegani na faundesheni yake ilitoka na rangi 48. Fenty ndiyo iliyowatia wenzao aibu 2017 kwa rangi 40, wanasema hawajaribu kwa wanyama, lakini si kila kitu chao ni vegani, soma moja moja. Hali ni hiyo hiyo kwa Juvia's Place, ya dada Chichi Eburu wa Nigeria, ambayo Ulta wanayo. Rangi zake za macho zinakaa kwenye ngozi yetu wallahi, hazigeuki jivu.

Ila faundesheni usinunue kwa siri. Rangi hujaribiwa kwenye taya, karibu na dirisha, uso wenyewe ukiwepo. Nunua lipstiki na maskara ufunge zawadi, hiyo nyingine mpeleke binti siku ya pili achague.

MzeeWaNzega

Nimesoma kwa heshima, lakini hapo kwenye nyuki naomba nipinge. Sisi watu wa Tabora nta ni riziki. Nyuki hachinjwi. Unarina asali, nta inabaki, unayeyusha, unauza. Mtu akisema lipstiki yenye nta imemtesa mnyama, mimi namwalika Nzega aone ni nani anayeteseka wakati wa kurina.

BintiKisauni

Hahaha, mzee shikamoo. Hujakosea, na ndiyo maana kampuni ya nta inaweza kupata cheti cha kutojaribu kwa wanyama. Ila vegani hauulizi kama mnyama ameumia; unauliza kama kitu kimetoka kwake. Nta imetoka kwa nyuki, basi. Kwenye boksi ni Beeswax au Cera Alba. Ndugu zake ni lanolini, ile grisi ya sufu ya kondoo iliyo kwenye vilainisha midomo, na CI 75170, mng'aro unaotoka kwenye magamba ya samaki. Kuna pia Squalene, mafuta ambayo mara nyingi hutoka kwenye ini la papa. Squalane, herufi moja tu inazitenga, mara nyingi ni ya zeituni au miwa, ila nayo inaweza kutoka kwa papa, basi jina peke yake halitoshi. Maskara za vegani hutumia nta ya mti wa mkarnauba wa Brazili au ya mmea wa kandelila. Nitasema ukweli wa muuzaji: lipstiki nyingine za karnauba ni ngumu, zinavuta mdomo. Hazifanani zote.

Na viungo kama glisarini au asidi ya steariki vinaweza kutoka kwenye mafuta ya mnyama au ya mawese, na boksi halisemi. Hapo ndipo kusoma lebo kunafika mwisho, unarudi kwa chapa yenyewe au kwa alama ya ua la alizeti ya Vegan Society.

MnyalukoloLeeds

Dada umeeleza vizuri lakini umeruka pesa. Chapa ya Urban Decay inajitangaza haijaribu kwa wanyama, mwenyewe ni L'Oréal tangu 2012. Too Faced ni ya Estée Lauder tangu 2016. Dola ya binti inaishia kwenye kapu lile lile la kampuni kubwa zenye chapa nyingine zilizokwenda China enzi ambazo majaribio yalikuwa lazima. Huku Uingereza ningemwambia aende Superdrug, bidhaa za jina la duka zina Leaping Bunny na bei ni ya kawaida. Na Ulaya ilishapiga marufuku kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama tangu Machi 2013.

BintiKisauni

Sikuruka, niliogopa kumchosha dereva. Kuhusu kampuni mama, huo ni uamuzi wa binti mwenyewe. Wapo wateja wangu wanaosema nikinunua Urban Decay namwonyesha L'Oréal wapi pesa ilipo. Wapo wasiotaka kabisa. Mimi naelemea kwa wa kwanza, lakini sibishani na kijana aliyeacha hadi maziwa ya chai.

China imebadilika kiasi. Tangu 2014 vipodozi vya kawaida vilivyotengenezwa humo humo havikulazimika kujaribiwa kwa wanyama, na kuanzia Mei 1, 2021 vya kutoka nje navyo vinaweza kuepuka, ilimradi kampuni ilete cheti cha utengenezaji bora na tathmini ya usalama. Rangi za nywele, krimu za jua na za kung'arisha ngozi hazimo kwenye ruhusa hiyo. Kabla ya hapo ndipo chapa ya NARS walipoingia China, 2017, na wateja wakawaka moto. Faundesheni zao kwa weusi ni nzuri, hilo siwezi kulikana, ila kwa sharti la binti huyu siwezi kumpa.

Hata Illinois yetu ina sheria tangu Januari 1, 2020 inayozuia kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama kuanzia tarehe hiyo. Lakini majaribio yanayofanywa kutimiza masharti ya nchi nyingine yameachiwa mwanya, kwa hiyo kukuta kitu rafuni Joliet si ushahidi wa chochote.

ZuhuraMuscat

Samahani naingilia. Vegani ndiyo halali moja kwa moja? Wifi yangu anashikilia kwamba ndiyo.

BintiKisauni

Mwambie wifi amefika nusu. Nguruwe na mzoga vimetoka, ila pombe ni ya mimea, kwa hiyo manukato na dawa za kupulizia mekapu zinaweza kuwa vegani na bado zikawa na Alcohol Denat. Ukiona Cetyl Alcohol au Cetearyl Alcohol usishtuke, hizo ni kama nta, hazilevyi mtu. Hukumu ya dini waulizeni wenye elimu, mimi muuza poda.

DerevaWaJoliet

Dada Kisauni, shukrani sana. Nimekaa kituo cha mafuta nasoma hadi lori la nyuma likanipigia honi. Lipstiki na maskara nitachukua e.l.f., faundesheni tutaenda wote, na mama yake kashadandia safari. Swali dogo: nimeona seti ya brashi, mpini wa mbao, nywele laini ajabu. Niongeze?

BintiKisauni

Laini ajabu ndiyo ishara ya hatari, kaka. Geuza boksi: ikiandikwa mbuzi, kindi au farasi, iache. Tafuta iliyoandikwa Synthetic au Taklon. Real Techniques na EcoTools ni za nyuzi za kutengenezwa na Ulta wanazo. Kope za bandia hivyo hivyo, zikiitwa Mink ni manyoya, labda waseme wazi ni za kuigiza. Na risiti usitupe, soma masharti yake ya kurudisha kabla binti hajafungua kitu. Wengi hupokea hata kilichotumika kidogo, lakini siku zina mwisho.

Mama mtu naye mwambie aje na uso mtupu, bila poda, asije akatupotezea saa nzima kaunta.