Tupeane uzoefu: ukitembea vichochoro vya Amu (mji wa kale wa Lamu), unaangalia nini?

MwanaWaMkomani
Assalamu alaikum watu wa Amu, walioko nyumbani na walioko mbali. Kusi linalegea, wageni wanashuka gatini, na hata vijana wetu waliokulia nje wakija likizo wanapotea nyuma ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, kwa sababu macho yako kwenye simu. Ndani ya mitaa simu haifai. Kuta zina unene wa karibu nusu mita, vichochoro vingine watu wawili hawapishani ila kwa ubavu, na ile nukta ya ramani inaruka ovyo.

Mji wetu umelala ubavu wa mashariki wa kisiwa, umekielekea kisiwa cha Manda, na ardhi inateremka kwenda baharini. Kwa hivyo ukipotea tazama mtaro. Maji yanakoelekea ndiko pwani kuliko. Yafuate, utaukata Usita wa Mui kwanza, halafu utatokea mbele ya bahari. Usita wenyewe unakwenda kaskazini na kusini: Mkomani kaskazini, Langoni kusini, Ngome na uwanja wa Mkunguni katikati.

Ukitaka kujua kaskazini, tafuta msikiti. Kwa hapa kwetu Makka iko karibu kaskazini kabisa, imeinama kidogo tu magharibi. Ukiona mgongo wa mihrabu umetokeza nje ya ukuta, huko ndiko kaskazini. Nyumba nyingi za kale nazo zimepangwa kufuata kibla, kwa hivyo ukishajua upande mmoja mtaa wote unasomeka.

Haya, kila mtu alete anachokijua. Njia, kuta, maji, punda, chochote.

BintiLangoni
Kweli kabisa. Hiyo ya mtaro inafaa hata usiku umeme ukikatika. Unasikiliza tu.

KijanaWaShogi
Wa alaikumu salaam. Mimi nizungumzie punda, maana ndiko wageni wanakoumia.

Ukisikia "simile!" usigeuke kutazama kwanza. Toka njiani halafu utazame. Punda mwenye shogi (mifuko ya mzigo inayoning'inia pande mbili) za mchanga au mawe ni mpana kuliko anavyoonekana kwa mbele, na shogi ndiyo inayogonga, si punda. Simama ukutani upande mmoja, mkishikana mikono achaneni, na kama kuna daka (kibaraza cha mlangoni) karibu panda dakani. Usisimame kwenye kona. Punda akikata kona, shogi ya nje inafagia ukuta wa ng'ambo. Usipite nyuma yake karibu, na usimguse kichwani ukidhani unamsaidia kijana.

Na kwa wanaokodi punda kupeleka vifaa vya ujenzi: mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unamtosha. Ukimwekea miwili unamvunja mgongo, na vidonda vya matandiko haviponi kwa kubebeshwa tena kesho yake. Zahanati ya punda ipo hapa mjini tangu miaka ya 1980, mpelekeni mapema.

MpwaWaPate
Punda sawa, lakini mbona hamsemi bodaboda? Mji wa kale haukujengwa kwa magurudumu. Mtoto akitoka mlangoni yuko njiani moja kwa moja, hakuna hatua ya katikati.

KijanaWaShogi
Hilo tuko pamoja. Punda humsikia mtoto akasimama. Pikipiki haisikii.

FundiChokaa
Kijana, hapo kwenye daka nakusimamisha. Kiangazi sawa, panda dakani. Masika, daka la nyumba kuukuu ndilo mahali pa mwisho pa kujikinga. Umenikumbusha kuta zinazoanguka mvua ikishakolea, na watu husema "umeanguka ghafla". Hakuna ukuta wa Amu unaoanguka ghafla. Huanza miaka kabla.

Ukuta wetu ni nyuso mbili za mawe ya matumbawe, na katikati yake kifusi cha vijiwe, chokaa na udongo. Chini hakuna tabaka la kuzuia unyevu, kwa hivyo unakunywa maji ya ardhini, tena yenye chumvi, mwaka mzima. Lipu ya chokaa ina vinyweleo. Unyevu hupanda kidogo, hutoka nje, hukaushwa na upepo. Lipu itatoa unga na kumomonyoka, utaipaka tena, ndiyo kazi yake hiyo: iharibike yenyewe ili jiwe lisalimike.

Sasa mwenye nyumba amechoka kupaka. Anapiga saruji kuanzia chini hadi kiunoni. Mwaka wa kwanza panapendeza. Lakini maji hayana pa kutokea, basi yanapanda. Yanaipita saruji, yanafika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani. Boriti ya mkoko mchwa hawaipendi, ila kichwa chake kikikaa kwenye unyevu bila hewa huoza, na ule upande unaouona chumbani unabaki mzima, mzuri, na rangi yake juu. Mtu anatazama dari anasema nyumba haina shida.

Kisha masika. Mlizamu, mfereji wa kutolea maji ya paa, umeziba kwa majani, maji yanatuama juu. Dari zetu ni mawe na chokaa juu ya boriti, nazo zikilowa zinaongeza uzito mkubwa juu ya vichwa vilivyooza. Kifusi cha katikati kinakuwa uji, kinashuka, uso wa nje unasukumwa na ukuta unafura. Ukitaka kuona, usisimame mbele yake. Simama mwisho wa kichochoro, weka jicho karibu na ukuta, tazama kwa urefu wake. Palipofura patajitokeza.

Saa za mwisho zina dalili. Mchanga mkavu unamwagika kwenye ufa ilhali nje kunanyesha. Mlango uliokuwa ukifunguka vizuri unakwama juu. Boriti zinalia. Hapo msitoe vyombo, tokeni watu. Na mwiteni jirani wa ng'ambo atoke naye, maana kifusi cha ghorofa mbili kwenye kichochoro cha mita moja na nusu hakina pa kwenda ila mlangoni kwake. Kama juu kuna wikio, chumba kinachovuka juu ya njia, nyumba zote mbili zihamwe: boriti za wikio zimelalia kuta mbili, mmoja ukienda unauvuta wa pili. Daka nalo limeshikamana na uso wa ukuta, linashuka pamoja nao. Ndiyo maana nasema, masika tembea katikati ya njia.

BintiLangoni
Ya Rabbi. Hili la mchanga mkavu sikulijua. Nimetoka kutazama chini ya ngazi sasa hivi.

MjukuuWaMofa
Na mimi. Wallahi mtaa mzima leo utagonga kuta.

MpwaWaPate
Fundi, unayosema ni kweli lakini humwambii mtu gharama. Saruji unainunua leo, kesho umemaliza. Chokaa ya kweli inataka miezi. Mjane mwenye nyumba ya urithi, ndugu wanane hawaelewani, atangoja miezi kweli? Usimlaumu aliyepiga saruji.

FundiChokaa
Simlaumu mtu, naulaumu ushauri anaopewa. Saruji kwenye nyumba ya bloku ni sawa. Kwenye jiwe la matumbawe ni kaburi. Na si lazima afanye nyumba nzima. Abandue saruji mita moja ya chini peke yake, auache ukuta wazi msimu wote wa kaskazi ukauke, halafu apake chokaa hapo tu. Gharama yake ni ndogo kuliko boriti moja mpya.

Kwa atakayefanya: chokaa iwe imemwagiwa maji na kulala rundo kwa miezi, si siku. Isiyolala vizuri inaendelea kufura ikiwa ukutani, na lipu inatoka vipele na kupasuka. Debe moja la chokaa kwa madebe matatu ya mchanga. Mchanga usiwe wa ufuoni, una chumvi. Lowesha ukuta kabla, la sivyo jiwe linanyonya maji ya lipu na lipu inabanduka. Tabaka lisizidi sentimita moja, likishika ndipo upige la pili. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa, upande unaopigwa na jua uangalie zaidi. Mafundi wengi wa siku hizi huharibu hapo: wanaipiga nene kwa mara moja kama saruji, jua linaikausha nje, ndani bado mbichi.

MpwaWaPate
Hapo sawa. Lakini bado nasema vikao hivi vifanywe na wenye nyumba, si mafundi kwa mafundi. Mji uliingia orodha ya UNESCO 2001, na mwenye ukuta uliofura bado anatafuta fedha peke yake.

MwanaWaMkomani
Jamani, nilianzisha kuhusu kutembea. Naona sote tumehamia ndani ya ukuta.

AmiNahodha
Ndipo nilipotaka kuingia, mumeisahau bahari. Mtu hajui maji halafu anatoka matembezi ya kijiji cha Shela alasiri.

Kwa ufuoni Amu hadi Shela ni kilomita 3 hivi, dakika 40 na zaidi kidogo, maji yakiwa yamepwa. Yakijaa, pana mahali ufuo unaliwa hadi kwenye kuta, utavua viatu na kuvuka maji. Hesabu si ngumu kwa mwenye kalenda ya Kiislamu. Mwezi mwandamo na mwezi 15 ni bamvu, maji makubwa: maji hujaa saa kumi alasiri au baadaye kidogo, na hupwa saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Ukifika mwezi 7 au 8, na 22 hivi, ni maji mafu. Hapo hujaa kwenye saa nne, tena hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwa hivyo mwezi 15 nenda asubuhi urudi kabla ya adhuhuri. Mwezi 8 alasiri ni yako.

Hesabu hiyohiyo ndiyo ya Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara. Chombo cha kwenda Pate, Faza au Kizingitini kikikosea maji, kinakaa tope hadi yarudi. Na msidhani ni wageni tu wanaokosea. Vita vya Shela, 1812 au hapo karibu, Wapate na Mazrui wa Mombasa walipopigwa na watu wa Amu wakakimbilia vyombo vyao, walivikuta vimekaa mchangani, maji yamepwa.

MjukuuWaMofa
Ami, siku hizi si kuna njia ya ndani? Maji yakijaa watu wanapita juu.

AmiNahodha
Ipo, pitieni. Ninachokataza ni kukata njia mpya kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inazama mle, inakaa chini, na ndiyo maji matamu ya visima tunavyovitegemea mji mzima. Anayechimba mchanga pale anachimba birika la mji.

KijanaWaShogi
Kweli ami. Chumvi ikiingia kisimani hata punda hanywi.

BintiLangoni
Kwa akina dada wanaotembeza wageni: mlango wa daka ukiwa wazi haina maana muingie. Njia ya kuingilia imepindwa makusudi ili aliye nje asione kiwandani, yaani uani. Semeni hodi mkiwa nje, mkikosa jibu mara tatu nendeni zenu. Na picha za watu walioketi barazani ziombwe kwanza. Wakitaka mlango wa kuchonga, wapelekeni Mkomani asubuhi kabla jua halijasimama, mwanga ukija kwa ubavu nakshi zinatoka.

MpwaWaPate
Fundi, turudi nyuma. Ukuta ninaoujua una ufa wa kusimama karibu na kona, unaingia ncha ya kisu. Hausongi, lakini juu yake boriti tatu zimelegea. Mmoja kasema uzibwe kwa saruji, mwingine kasema ubomolewe wote. Nani kweli?

MjukuuWaMofa
Bomoa, ndugu. Ufa wa kona hauna dawa.

BintiLangoni
Kubomoa uende kwanza ofisi ya makumbusho. Nyumba ya mji wa kale hubomoi kwa kuamua barazani.

FundiChokaa
Wote mmekimbilia mbali. Ufa usioongezeka si wa kubomoa. Paka kiraka chembamba cha chokaa kukatiza ufa, andika tarehe juu yake kwa penseli. Kiraka kikipasuka ukuta unatembea. Kikibaki kizima umesimama, utaujaza chokaa na vijiwe.

Boriti ndizo za haraka. Choma kichwa cha kila moja kwa bisibisi palipokutana na ukuta. Ikizama kama kwenye mkate, imekwisha. Simamisha nguzo mbili chini ya mti mnene unaokatiza boriti zote, hapohapo ndani, karibu na ukuta. Usiegemeze mti kwenye ukuta wa jirani ng'ambo ya njia, utamhamishia mzigo. Kisha badilisha boriti moja moja, usitoe mbili kwa pamoja, na kila kichwa kiingie ukutani si chini ya shubiri moja, kizungushiwe chokaa, kamwe si saruji. Sokoni angalia unene: boriti ni sentimita 11.5 hadi 13.5. Chini ya 11 hilo ni mazio, usikubali kuuziwa kwa jina la boriti. Tangu ile marufuku ya 2018 ya kukata miti watu wamekuwa wakiuziwa chochote. Kama unahitaji tatu usinunue korija nzima, tafuta jirani mgawane, 20 ni nyingi.

MpwaWaPate
Shukran sana. Nianze na boriti basi.

BintiLangoni
Uanze na mlizamu, kabla ya mvua za vuli. Ngazi ndefu iko kwetu, mtume kijana baada ya alasiri aichukue.