Chai imegoma kuchipua: nikate au nitibu udongo kwanza?

Habari zenu wakulima wenzangu. Naomba ushauri kuhusu chai iliyoko Kirinyaga, aina ya TRFK 6/8, mashina 2,800, nafasi ya futi 4 kwa 2.5.

Mavuno yameshuka chini ya kilo moja kwa shina kwa mwaka, ilhali jirani mwenye aina hiyohiyo anakaribia mbili. Chipukizi nyingi zimelala: jani la juu linakomaa bila ncha mpya, na hata mvua za masika hazikuziamsha. Majani ya chini yanaungua kingoni, dalili ninayoihofia ya upungufu wa potasiamu.

Mbolea ni NPK 26:5:5 (nitrojeni, fosforasi na potasiamu), mfuko wa kilo 50 kwa mashina 700, ikiwekwa udongo ukiwa na unyevu. Tunachuma majani mawili na chipukizi kila siku 8 hadi 10. Mapengo yalishajazwa. Kipimo cha udongo kilitoa pH (kiwango cha asidi; namba ikishuka, asidi imezidi) 3.9, na hapo ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo, maana chai hupenda kati ya 4.5 na 5.6, na mbolea yenye amonia huzidisha asidi mwaka hadi mwaka. Tena huu ni mwaka wa tano tangu michai ikatwe matawi ili ichipue upya.

Je, nikate Julai kwenye baridi, matawi yabaki shambani yafunike udongo, au michai dhaifu hivi itakauka? Na kwa pH hiyo, chokaa ya dolomaiti (yenye kalsiamu na magnesiamu, ya kupunguza asidi) inafaa, kiasi gani kwa shina, au samadi iliyooza inatosha? Mliowahi kurekebisha udongo wa chai, nisaidieni tafadhali.