Kuacha pombe baada ya mwili kuanza kulalamika: ghafla nyumbani, kupunguza kidogo kidogo, dawa za kliniki au kulazwa?

Mlango_Wazi

Wakuu, salaam. Kuacha nimeshaamua. Ninachoomba ni msaada wa kulinganisha njia, maana nikisoma huku naambiwa hivi, nikisoma kule naambiwa vingine.

Nakunywa kila siku kwa miaka mingi, na siku hizi ni pombe kali, si bia. Asubuhi mikono inatetemeka kiasi kwamba ufunguo unagongagonga kitasa kabla haujapata tundu. Nikizimua, baada ya muda mfupi natulia. Nyayo zinawaka moto usiku na zina ganzi, kama nimevaa soksi nene wakati niko pekupeku. Moyo unakwenda mbio nikiwa nimelala. Chini ya mbavu za kulia pana uzito usioisha.

Nimepima damu. Kwenye vipimo vya ini, GGT iko juu sana, AST imezidi ALT zaidi ya mara mbili, na chembe nyekundu zimekuwa kubwa kuliko kawaida. Aliyenisomea majibu alisema "acha pombe" akaita mgonjwa anayefuata. Naachaje, hakusema.

Waliopita njia hii, au waliouguza mtu wao, ipi ilifaa na kwa nini?

Kauli_Moja

Hongera kwa uamuzi mkuu. Mimi niliacha ghafla. Nilimwaga kilichokuwepo, nikazima simu, nikajifungia ndani. Siku za mwanzo zilikuwa jasho na kukosa usingizi, basi, zikapita. Habari za kupunguza siziamini. Leo unajipangia glasi tatu, kesho kuna sherehe, keshokutwa umerudi palepale. Kata moja kwa moja.

Zamu_ya_Usiku

Mlango_Wazi, kabla hujamwaga chochote nakuomba unisome mpaka mwisho. Mimi ni muuguzi, na wagonjwa wa arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichozoea, nimewahudumia wodini.

Kauli_Moja, sikatai kwamba ulivuka salama. Wengi huvuka. Ila mtu anayetetemeka asubuhi kisha akazimua akatulia yuko kwenye hali nyingine. Pombe hupoza kazi ya ubongo. Ikiingia kila siku kwa miaka, ubongo hujiongezea kasi ili uendelee kufanya kazi ndani ya pombe. Sasa ukiiondoa ghafla, ile kasi inabaki bila cha kuizuia. Ndiyo inayoleta mtetemo, jasho, presha kupanda, moyo kukimbia, na kwa wengine kifafa hata kama hawajawahi kuugua kifafa maishani.

Saa zenyewe zinajulikana. Dalili huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho. Kifafa, kikija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za kwanza. Halafu kuna hatua mbaya zaidi ambayo huangukia kati ya saa 48 na 96: mgonjwa anaweweseka, anaona watu wasiokuwepo, homa inapanda, hajui yuko wapi. Hii huua isipotibiwa. Watu hudhani arosto ya heroini ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Ile hutesa sana, lakini yenyewe ni nadra kuua mtu mzima. Ya pombe inaua, na inaua watu waliokuwa wamejaribu kufanya jambo jema.

Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe ipi ni njia ya kishujaa. Uliza ni kwa njia ipi kutakuwa na mtu wa kukuangalia katika zile siku nne au tano za mwanzo.

Wodini kazi yenyewe ni hii. Kila baada ya saa chache tunamwambia mgonjwa anyooshe mikono mbele na kutanua vidole. Tunamgusa kiganja na paji la uso kuona jasho. Tunamuuliza leo ni siku gani, kama anahisi wadudu wakitambaa kwenye ngozi, kama mwanga wa taa unamkera kuliko kawaida. Kila jibu lina alama. Alama zikipanda dawa inaongezwa, zikishuka inapunguzwa. Hakuna mtu anayeweza kujipima hivyo akiwa peke yake chumbani.

Anayepaswa kulazwa bila mjadala ni aliyewahi kupata kifafa au kuweweseka alipoacha zamani, mjamzito, mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo au ini, anayetumia pia vidonge vya usingizi, anayewaza kujidhuru, na anayeishi peke yake. Mwingine yeyote, daktari akiridhika, anaweza kutibiwa akilala kwake.

Na hili halisubiri mpango wowote: ukitapika damu, choo kikawa cheusi tii, macho yakageuka njano, tumbo likajaa maji, au ukaanza kuchanganyikiwa, ni hospitali saa hiyohiyo.

Kauli_Moja

Nimekuelewa nesi. Ni kweli, mimi nilikuwa mnywaji wa usiku, asubuhi sikuwa nazimua wala kutetemeka. Mkuu, kwa hali yako msikilize huyu. Lakini kwenye kupunguza mwenyewe bado nina shaka.

Mama_Wawili

Naomba nijibu hilo la kupunguza, maana tumelipitia na mume wangu tukiwa tunasubiri nafasi kliniki.

Linawezekana, kwa sharti kwamba anayepima si mnywaji. Chupa nilikuwa naishika mimi. Tuliandika kwenye daftari saa na kiasi, na kila siku kilipungua kidogo tu. Jambo lililotusaidia kuliko yote ni kujifunza kuhesabu pombe yenyewe badala ya kuhesabu glasi. Chukua mililita, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Unapata gramu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ni gramu 20. Kipimo cha mililita 50 cha pombe kali ya asilimia 40 ni gramu 16. Mume wangu alikuwa anaamini akihamia kwenye bia atakuwa amepunguza. Tulipopiga hesabu tukakuta siku nyingine bia zilikuwa zinampa nyingi zaidi.

Kauli_Moja ana hoja kwamba ni ngumu, na mtu akiwa peke yake sidhani kama inafika mbali. Glasi ya kwanza ndiyo inayodhoofisha nguvu ya kukataa ya pili. Kwetu sisi iliishia kuwa daraja la kufika kliniki akiwa anakunywa kidogo kuliko zamani. Haikumwachisha.

Kitu kingine, kaka. Usimfanye mkeo au ndugu yako kuwa askari wako. Kushika ile chupa kulinichosha kuliko nilivyokuwa namwambia mtu yeyote. Anayekusaidia naye awe na mtu wa kuzungumza naye.

Fundi_Saa

Mimi nilipita njia ya tatu, kliniki huku nalala nyumbani, na ndiyo ningeichagua tena kwa sababu ilinipa usalama bila kuniondoa kwenye familia. Daktari aliniandikia diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa takriban wiki moja, dozi ikishuka kila siku mpaka sifuri. Dawa alikaa nayo kaka yangu, akinipa kwa saa. Kila siku nilirudi kupimwa presha na mapigo ya moyo. Sharti lilikuwa moja: nikinywa pombe juu ya dawa, matibabu yanasimama, kwa sababu hivyo viwili pamoja vinaweza kuzima pumzi. Kwa hiyo, wakuu, mtu asijinunulie diazepamu akajitibu.

Usisahau vitamini B1. Wanywaji wengi wanaipungukiwa, wengine kwa kutokula vizuri, na pombe yenyewe huizuia isifyonzwe. Ikikosekana kabisa, ubongo huumia: mtu anayumba, macho yanacheza, anachanganyikiwa, na kumbukumbu inaweza isirudi tena. Ndiyo maana hospitali humchoma mnywaji B1 kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo. Ule moto na ganzi ya nyayo ulioutaja ni mishipa ya fahamu kulalamika, kwa hiyo mwambie daktari usiache kulitaja.

Sasa sikiliza, mkuu, maana hapa ndipo wengi tunapolinganisha vibaya. Njia nne ulizoziandika zote ni za kutoka. Wiki moja tu hiyo. Kubaki nje ni suala jingine, na lina njia zake.

Kuna vidonge vya aina tatu vinavyojulikana zaidi. Disulfiramu ni vya zamani kuliko vyote, Marekani viliidhinishwa 1951. Ukivimeza kisha ukanywa, uso unawaka, moyo unapiga kwa nguvu, unatapika. Havipunguzi hamu, vinaweka woga. Vinataka mtu anayekusimamia kuvimeza, na kwa ini linalougua vinaweza kuwa hatari, kwa hiyo kwa majibu yako nisingevikimbilia. Hata dawa ya kikohozi yenye pombe inaweza kukuletea shida. Naltreksoni hufanya kazi tofauti: inafifisha ile raha ya pombe, kwa hiyo hata ukiteleza, glasi haikuiti ya pili kwa nguvu ileile. Haichanganywi na dawa za maumivu za jamii ya mofini, na ini hupimwa kabla. Ya tatu ni akamprosati. Inatulizia mtu ile hali ya kutotulia inayobaki wiki na miezi baada ya kuacha. Haipiti kwenye ini, inatoka kwa figo, kwa hiyo hapo wanapima figo. Ubaya wake ni kumeza mara tatu kwa siku, na anayesahau dawa ataisahau hiyo.

Mimi natumia akamprosati na inanifaa. Uliza daktari wako, na majibu ya damu uwe nayo mkononi.

Dada_Utulivu

Fundi_Saa kasema vizuri ila kawaacha watu nje ya hesabu. Dawa ilinitoa kwenye mtetemo, lakini saa kumi na mbili jioni bado ilikuwa inafika kila siku, na ilikuwa inanikuta sijui mikono niiweke wapi.

Vikundi viko vya aina mbalimbali. Vya Alcoholics Anonymous vilianza Marekani mwaka 1935, ni bure, na vina mtu wa kumpigia simu usiku wa manane. Wanazungumzia nguvu iliyo juu yako, kila mtu akiielewa kwa namna yake. Wengine inawafariji, wengine inawafukuza mlangoni. SMART Recovery haina lugha hiyo. Inafundisha mbinu za kushughulikia hamu na mawazo yanayoitangulia, na mikutano mingi iko mtandaoni. Nimekaa kwenye vyote viwili. Nilibaki na cha kwanza kwa sababu ya watu waliokuwa ndani yake, wala si kwa sababu ya ule mpango wao wa hatua 12. Jaribu zaidi ya kimoja kabla hujasema vikundi havikufai.

Mshauri wa ana kwa ana pia ana nafasi yake, hasa kama pombe ilikuwa inafunika huzuni au hofu. Kwangu ilikuwa inafunika.

Zamu_ya_Usiku

Naongeza moja kwa wanaoacha na kurudi mara kwa mara bila msaada. Kila arosto nzito inaweza kuifanya inayofuata kuwa nzito zaidi. Aliyetoka jasho tu safari zilizopita anaweza kupata kifafa safari hii. Usipime hatari ya leo kwa jinsi ulivyopona zamani.

Na kuhusu ini, mkuu, usikate tamaa na pia usijipe uhakika. Mafuta kwenye ini yanaweza kuondoka ndani ya wiki chache za kutokunywa, na GGT hushuka hivyohivyo. Makovu yaliyokomaa ni habari nyingine, kwa kiasi kikubwa hayarudi nyuma, ingawa hata mwenye makovu huishi zaidi akiacha. Majibu ya damu peke yake hayatofautishi haya vizuri. Omba ultrasaundi, na kama kipo, kile kipimo cha ugumu wa ini.

Mlango_Wazi

Nimesoma kila mstari, nashukuru sana. Jana usiku nilijibu yale maswali 10 ya AUDIT, kipimo cha unywaji cha Shirika la Afya Duniani. Alama zangu zimepita 20, na nimesoma kwamba kuanzia hapo mtu anatakiwa kuchunguzwa kama ameshakuwa tegemezi. Kwa hiyo ghafla nyumbani nimeifuta. Mdogo wangu amekubali kuhamia kwangu, na nimepata nafasi kliniki wiki hii. Wakiona nilazwe, nitalazwa.

Swali moja linanisumbua na naona aibu kumuuliza daktari. Asubuhi ya kwenda, nizimue au nisizimue? Nikienda nimekunywa wataniona sipo makini. Nisipokunywa nitafika natetemeka, au nisifike kabisa.

Mama_Wawili

Kaka, hilo swali hata sisi tulilala nalo. Hakuna aibu hapo.

Zamu_ya_Usiku

Usiache mwenyewe usiku wa kuamkia kliniki ili uonekane makini. Piga simu leo uwaulize wanataka uje vipi, maana wengine hawaanzi dawa mpaka pombe ishuke mwilini. Kama huwapati, kunywa kile kidogo kinachozuia mtetemo tu, usifike umelewa, na usiendeshe gari. Mdogo wako akupeleke. Kula kitu kabla ya kutoka. Beba majibu ya damu na kila dawa unayomeza, hata ya maumivu. Kiasi unachokunywa kwa siku kitaje chote, kwa sababu dozi inapangwa kutokana na hicho. Ukikipunguza kwa aibu utapewa dawa pungufu na kifafa hakitajali ulisema nini. Ukifika mapokezi, cha kwanza kusema ni saa uliyokunywa glasi ya mwisho, hata kabla hawajakuuliza.