Moyo kwenda mbio miaka mingi baada ya upasuaji wa utotoni

Swali
Habari zenu. Nilizaliwa na tetralojia ya Fallot, yaani kasoro nne za moyo zinazotokea pamoja, nikafanyiwa upasuaji kabla sijaanza shule, na wazazi wangu wakaambiwa kwamba nimepona. Sasa nimepita miaka thelathini, na tangu mwaka jana moyo huanza kwenda mbio ghafla, kisha hutulia wenyewe. Kila ninapofika kwenye kipimo cha umeme wa moyo huwa umeshatulia, kwa hiyo nimeambiwa ni wasiwasi tu. Je, upasuaji ule waweza kuhusika?

Jibu la kwanza
Waweza, na usikubali jibu la wasiwasi kabla mapigo hayo hayajanaswa na kipimo. Katika upasuaji huo tundu lililo kati ya vyumba vya chini vya moyo huzibwa kwa kiraka, na njia nyembamba ya kwenda mapafuni hupanuliwa; palipokatwa na kushonwa hubaki kovu lisilopitisha umeme, nao umeme wa moyo, badala ya kupita na kwisha, huweza kulizunguka kovu hilo mfululizo. Isitoshe, upanuzi huo mara nyingi huiacha vali ya mapafu ikivuja, na chumba cha chini cha kulia, kwa kupokea damu inayorudi mwaka baada ya mwaka, hutanuka. Ndiyo maana wataalamu hupima upana wa wimbi la QRS, yaani alama ya umeme unapoenea katika vyumba vya chini kwenye kipimo cha umeme wa moyo, hata kwa mtu asiye na dalili: likifikia milisekunde 180, hatari ya mapigo ya kasi kutoka vyumba vya chini, ambayo huweza kuua, huwa kubwa zaidi. Omba kuvalishwa kifaa cha kurekodi mapigo kwa siku kadhaa, pamoja na kipimo cha MRI cha moyo, yaani picha zinazopigwa kwa sumaku.

Jibu la pili
Ukizimia, au ukikaribia kuzimia moyo ukiwa mbioni, hiyo ni dharura; usingoje miadi.

Mwuliza swali
Nashukuru. Je, nitameza dawa maisha yangu yote?

Jibu la tatu
Si lazima. Mapigo yakianzia vyumba vya juu, jambo ambalo ni la kawaida sana kwa waliofanyiwa upasuaji kama wako, daktari anaweza kupitisha mrija kwenye mshipa wa paja na kuunguza sehemu ndogo inayopitisha mzunguko huo, ingawa huweza kurudi. Wengine huhitaji pia dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya hatari ya kiharusi. Yakianzia vyumba vya chini, huenda ukashauriwa kuwekewa kifaa kinachoushtua moyo urudie mpigo wake, na vali inayovuja huenda ikabadilishwa. Mimi nilifanyiwa upasuaji wa Mustard, ule wa kugeuza njia za damu ndani ya vyumba vya juu kwa aliyezaliwa na mishipa mikuu ya moyo iliyobadilishana nafasi, na tatizo langu ni kinyume cha lako: moyo ulikuwa ukipiga polepole mno hadi nikawekewa betri ya moyo, yaani kifaa kinachouchochea upige. Kwa hiyo tafuta ripoti ya upasuaji wako wa utotoni, uende nayo kwa daktari anayehudumia watu wazima waliozaliwa na kasoro za moyo, kwani bila kujua palipokatwa ni vigumu kukisia mzunguko unapita wapi.