Naomba ushauri: mji wa kale wa Mtwapa ulikuwa na bandari wapi?

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Naandaa matembezi ya wanafunzi kwenye hori (mkono wa bahari ulioingia bara) ya Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, na nimekwama.

Magofu ya mji wa Mtwapa yako ndani ya hori, ukingo wa kaskazini. Jumba la Mtwana, magofu mengine ya karne ya 14, liko nje kidogo ya mlango wa hori, pwani kabisa, mawimbi yanapiga karibu na msikiti. Ni mwendo mfupi tu, lakini maji yake ni tofauti kabisa.

Nimeshuka mara mbili maji yakiwa yamekupwa. Chini ya mikoko nilizama topeni hadi magotini, vigae vya vyungu vimetapakaa (sikuokota hata kimoja). Wakati wa bamvua (maji makuu) nilionja maji ya hori, ndani zaidi kupita daraja: chumvi tupu. Wavuvi wazee niliowauliza wananionyesha diko (mahali pa kuegesha vyombo) la sasa tu.

Naomba kujua mawili. Majahazi ya wakati ule yalitia nanga ndani ya hori, au nje na mizigo kushushwa kwa mitumbwi? Na kwenye tope kama lile, nitambueje diko la zamani bila kuchimba?