Milima ya Mourne: goti langu litafika wapi?

MamaWaKadutu

Jambo kwenu wote. Mimi ni mama wa hapa Bukavu, Kadutu, nina miaka 58. Binti yangu ni muuguzi kule Belfast, Ireland ya Kaskazini, na Mungu akipenda mwezi wa tisa nitakuwa kwake majuma matatu. Viza imetoka. Sasa kila akipiga simu ni wimbo mmoja: "Mama, nitakupeleka Mourne milimani." Amenitumia picha. Milima mitupu, mti hata wa dawa hakuna, nyasi rangi ya simba, mawe makubwa yamekaa vileleni kama mtu aliyapanga, na ukuta unapanda kilima mpaka unaingia kwenye ukungu. Nani alijenga ukuta mahali pale, na wa kumzuia nani?

Kupanda si shida. Nimeuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, miaka 20, kutoka ziwani hadi soko la Kadutu na beseni kichwani. Shida ni goti la kushoto: nikipanda linanyamaza, nikishuka ndipo linaanza kesi. Na baridi. Halafu huyu binti ana haraka tangu tumboni. Akisema "ni hapo tu, mama", ujue ni mwendo wa saa tatu. Nataka nifike nikiwa najua. Njia zipi mtu kama mimi anapita bila kubebwa? Nivae nini? Nyoka wapo?

YayaWaNguba

Mama, shikamoo. Mimi ni mtoto wa Nguba, niko Newry mwaka wa tisa sasa, na milima hiyo naiona nikitoka kazini asubuhi.

Nianze na nyoka, ulale vizuri: Ireland nzima haina nyoka. Wenyeji wanasema Mtakatifu Patrick aliwafukuza. Utakutana na kondoo tu, wamepakwa rangi mgongoni ili kila mtu ajue wake. Ukikuta geti limefungwa, lifunge nyuma yako.

Pili, usitishwe na urefu. Mlima mkubwa kuliko yote huko, Slieve Donard, una mita 850. Ziwa letu la Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi. Yaani jiko lako liko juu kuliko kilele chao! Mimi pia nilicheka nilipofika, na kicheko hicho kilinigharimu kiatu.

Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka wangu wa kwanza. Rafiki akanionyesha kilima kinaitwa Hen, mita 354. Mimi niliyewahi kulala juu ya Nyiragongo, volkano ya Goma, mita 3,470, nikaona hiki ni cha watoto. Nikaenda na viatu vya kanisani. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mbele yangu nikaona sehemu ya kijani kibichi, laini, kama bustani ya askofu, nikaona heri nipite hapo kuliko kwenye matope. Mguu ukazama mpaka gotini. Nilipouvuta, ukatoka peke yake. Nikalala kifudifudi nikipapasa kiatu ndani ya uji mweusi, mkono mpaka kwapani, na mzee mmoja akapita na mbwa wake, akanisalimu, akasema leo hali ya hewa ni nzuri. Akaendelea zake.

Ule ndio udongo wa kule, mama. Ni majani na mimea ya majimaji iliyooza nusu kwa maelfu ya miaka, kwa sababu maji yamejaa na hewa haiingii. Kifaransa ni tourbe, majirani zetu wa Rwanda wanauita nyiramugengeri. Unanyonya maji kama sifongo, na ukikaushwa unawaka kama makaa. Kwa hiyo pale kijani kinapong'aa kuliko kwingine, usikanyage. Kanyaga penye mawe au penye vile vichaka vifupi vigumu. Mwezi wa tisa bado utavikuta na maua ya zambarau. Ndugu zao wakubwa, warefu kama miti, wako juu kule kwenye mlima wetu wa Kahuzi.

Sasa njia. Kwa goti lako ningeanza na Silent Valley. Hapo kuna bwawa linalonywesha Belfast, lilijengwa kati ya 1923 na 1933, na barabara ya lami inaingia ndani ya bonde mpaka bwawa la pili, Ben Crom. Ni kama kilomita tano kwenda. Si lazima uzimalize, unageuka unapotaka, na choo kipo pale mwanzo. Milima inakuzunguka pande zote nawe unatembea kama uko barabara ya Nyawera, bila pikipiki.

Na ukuta wako huo ni wa maji hayohayo. Waliujenga kuanzia 1904 hadi 1922, kilomita 30 na kitu, mawe matupu, unapita juu ya vilele 15. Wa kumzuia ng'ombe na kondoo, basi, wasichafue maji ya mji. Nilipousikia huo ujenzi nikakumbuka sisi na mabido yetu ya maji kwenye foleni alfajiri, nikanyamaza.

Ya pili ni Cloughmore, juu ya Rostrevor. Gari linafika juu sana, kisha mnapanda mwinuko mfupi, dakika 20 kwa mwendo wako. Kuna jiwe moja la tani kama 50 limekaa peke yake mlimani. Barafu ya zamani ililibeba ikaliacha hapo. Wazee wao wanasema jitu lilimrushia mwenzake. Chini unaona mkono wa bahari umeingia kati ya milima, na hapo, mama, jitayarishe. Mimi mara ya kwanza nilidhani naangalia ziwa letu kutoka Muhungu. Nilikaa chini kwanza.

Kama goti likikubali, siku nyingine jaribuni njia ya Trassey kwenda Hare's Gap. Mwanzo ni njia pana ya mawe, taratibu, kando ya kijito. Kipande cha mwisho ndicho cha mabonge ya mawe, mikono inasaidia. Hapo ndipo ilipopita njia ya magendo ya zamani, watu wakitoa pombe kali, chai na tumbaku pwani kuzipeleka bara usiku. Wewe uliyekua karibu na Ruzizi, mto wa mpakani, sihitaji kukueleza. Ukifika chini ya hayo mabonge na goti likasema hapana, kaa, kunywa chai, mrudi.

Donard mwachie binti na marafiki zake. Unaanzia ufukweni kabisa, kwa hiyo mita zote 850 ni zako kuzipanda na, mbaya zaidi, kuzishuka, kwenye mawe na mizizi.

MwanaVolkano

Mama, usiogope. Mimi wa Goma, nilisomaka Belfast mwaka muzima. Yaya amesema yote, naongeza kidogo tu juu ya mawe. Ile granaiti ni ndugu ya lava yetu, lakini ile haikutokaka inje. Ilibakia chini ya udongo, ikapoa polepole, kwa hiyo iko na punje zinang'aa, na ni ya zamani sana, miaka kama milioni 56. Yetu ya 2002 na 2021 ingali mutoto. Kiatu kinashika vizuri pale juu yake, hata mukono unakwaruzika. Lakini pale pameota vitu vyeusi na maji inapita, panaterezaka!

Mwavuli acha nyumbani. Upepo wa kule utakunyang'anya.

YayaWaNguba

Kweli. Badala ya mwavuli ni koti la mvua lenye kofia. Suruali ya jinzi usivae, ikilowa haikauki. Vaa suruali ya kawaida na sweta mbili nyembamba. Kitenge weka kwenye mkoba, utakitoa kwa picha. Buti ziwe za kufunika kifundo. Na fimbo mbili, mama, hizo ndizo dawa ya kushuka. Goti litasahau kesi. Mtoke asubuhi. Mwezi wa tisa giza bado si la mapema, lakini ukungu hauangalii saa. Simu mabondeni hupotea. Ikishika na kuna shida, ni 999 au 112.

MamaWaKadutu

Aksanti wanangu. Nimemsomea binti yote kwenye simu. Kwanza akanyamaza, halafu akauliza ni nani amenipa habari za Silent Valley, maana yeye alishaandika Donard kwenye kalenda, Jumamosi ya kwanza! Nikamwambia abadilishe. Hizo fimbo amesema zipo, za mwenzake wa kazini.

Yaya, themosi ninayo moja nzuri ya lita mbili, ila ni nzito. Nitoke nayo hapa au nitaikuta huko?

YayaWaNguba

Iache, mama. Kilo hizo nibebee sambaza kavu. Newry si mbali na Rostrevor.