Ushauri: baiskeli mpya ya gia 21, "ya kila kazi", inamfaa asiyeendesha kila siku?

Mwanatanga_K (mleta mada):
Habari za jioni wapendwa. Naomba ushauri wenu, wiki ya pili sasa nimekwama.

Ni mwanamke wa miaka 38, nakaa Duga, kazini kwangu ni Chumbageni. Baiskeli naijua tangu utoto kama watoto wengi wa Tanga, ila siku hizi naendesha mara mojamoja, tena ya kuazima. Nataka yangu mpya: ya sokoni, ya kazini siku nikijisikia, na Jumamosi jioni nishuke nayo Raskazone nikapunge upepo. Nimeiona moja dukani. Fremu ya aluminiamu, gia 21, tairi 700 kwa 38, shokapu mbele, breki za diski. Muuzaji anasema lami inakwenda, vumbi inakwenda. Bei 780,000. Nikiwa mbali nayo naiota, nikiisogelea naogopa bei. Ninunue?

Bandari_Salama:
Laki nane kasoro kwa baiskeli? Dada, ongeza kidogo upate pikipiki iliyotumika. Jua la Tanga unalijua wewe.

Mzee_wa_Ngamiani:
Mwanangu, umenikumbusha mbali. Marehemu baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, akanunua Raleigh nyeusi, zile za breki za vyuma, taa ya dinamo. Kila Ijumaa baada ya swala inapinduliwa kichwa chini, spoku zinafutwa mojamoja kwa kitambaa cha mafuta. Sisi watoto kazi yetu kushika kibati cha mafuta, kuigusa hapana. Siku niliyoruhusiwa kuipanda mguu haukufika pedeli, nikapita chini ya bomba, mwili umepinda kama ndoano, nikafika mwisho wa mtaa nalia kwa furaha. Zile ndizo baiskeli.

Spoku40:
Mzee shikamoo. Mleta mada, mimi ni fundi, mwaka wa 17 niko chini ya mti na pampu yangu. Nikujibu ulichouliza.

Gia 21 ni tatu mbele mara saba nyuma. Tanga ni tambarare, utatumia tatu au nne, zilizobaki utazibeba tu. Shokapu za bei hiyo ni uzito: chumvi ya bahari ikiingia, mwaka wa pili zimekufa ganzi. Tairi ya upana wa 38 ni nzuri, lami na vumbi laini inapita. Ila kuna mtego. 700 watu huiita inchi 28, na tairi za baiskeli za Phoenix nazo ni 28, lakini haziingiliani. Soma ubavuni kipimo cha rimu kwa milimita: ya kwako itaandikwa 622, ya Phoenix 635. Ukipasukiwa huko njiani, duka la kijijini litakuuzia 28 ambayo haikai kwenye rimu yako. Na fremu ya chuma ikikatika nakuchomea hapahapa. Aluminiamu si kazi ya kila mchomeleaji.

Sasa nijibu na wewe: utabeba nini?

Mwanatanga_K:
Ahsante sana fundi, hilo la 622 sikulijua. Nabeba mkoba na mboga tu.

Ukhti_Nasaha:
Umemshirikisha mwenzio? Vitu vikubwa hivi mtu hanunui kimyakimya. Halafu baiskeli yenye bomba juu, na wewe huenda ni mvaaji wa baibui, lijifikirie hilo.

Busia_Mpakani:
Salamu kutoka Kenya. Hii bodaboda ambayo siku hizi ni pikipiki ilianza huku kwetu na baiskeli, mtu anakuvusha kutoka boda ya Kenya hadi boda ya Uganda. Mjomba wangu alisomesha watoto wanne na hiyo kazi. Keria ya chuma, juu yake kiti cha sponji kimeshonwa vizuri, na vyuma viwili vya abiria kukanyagia. Hakukuwa na gia wala shokapu. Alikuwa anabeba mama na gunia lake.

Spoku40:
Dada, narudi kwako. Mkoba na mboga havimnyimi mtu usingizi wiki mbili. Nani atapanda nyuma?

Mwanatanga_K:
Sawa. Niseme.

Nina mwanangu wa kiume, ana miaka 6, ameanza darasa la kwanza Januari. Shule ni kilomita tatu na kitu kutoka nyumbani. Bodaboda wa asubuhi namlipa 1,500, wa mchana 1,500. Siku 22 za shule ni 66,000 kwa mwezi, na baba yake hatuko naye tena, kwa hiyo Ukhti hapa hakuna wa kumshirikisha. Mwezi jana yule bodaboda alimpakia na watoto wengine wawili, wakaanguka. Mwanangu alichubuka goti tu, lakini tangu siku hiyo sipati usingizi. Nataka nimpeleke mwenyewe.

Na advansi nimeshaweka, 250,000. Msinigombeze. Nilihesabu: baiskeli inajilipa ndani ya mwaka mmoja. Na ni imara, mwenye duka aliipigapiga mbele yangu.

Spoku40:
Hapo ndipo ungeanzia, mambo yote yanageuka.

Angalia nyuma karibu na ekseli, fremu ina matundu ya kufungia keria? Na juu karibu na kiti?

Mwanatanga_K:
Nimepita leo kuangalia. Hakuna. Muuzaji anasema kuna keria ya kubana kwenye bomba la siti, atanipa kwa bei nzuri. Naona itatosha, mtoto si mzito, ni kilo 20.

Spoku40:
Haitatosha. Keria hizo nyingi zimeandikwa mwisho kilo 10, ni za mkoba. Zinazunguka kwenye kona. Hata vile viti vya plastiki vya watoto, vingi mwisho wake ni kilo 22, mwakani ameshavuka.

Jingine. Mtoto akishakaa nyuma, utapandaje? Mguu huwezi kuuzungusha kwa nyuma, utampiga teke. Kwa mbele kuna bomba. Unahitaji fremu ya kushuka, hii mnayoiita ya kike, keria ya chuma iliyofungwa kwa nati, vikanyagio kama alivyosema ndugu wa Busia, na wavu ubavuni mwa gurudumu. Nimeshatoa kisigino cha mtoto kwenye spoku. Sitaki kukitoa kingine.

Mwanatanga_K:
Lakini za kike alizonazo muuzaji ni za mtumba za Japani, zile za kikapu. Mimi nilitaka kitu kipya. Kila kitu changu kimekuwa cha mtumba.

Nondo_Nne:
Wakuu, mnakunywa chai hapa. Mtu anajua 700 kwa 38 halafu hajui keria inafungwaje? Juzi mboga, leo mtoto kaanguka. Huyu ni muuzaji anapima soko, subirini namba ya simu.

Bandari_Salama:
Sasa umesema. Nami nilijiuliza, mbona anataja breki za diski kama anasoma bango.

Busia_Mpakani:
Tangazo gani linalokubali kwamba keria haifungiki?

Mwanatanga_K:
700 kwa 38 nimeinakili ubavuni mwa tairi, nyuma ya risiti ya advansi. Duka sijalitaja na sitalitaja, namba ya simu pia hamtaiona. La mtoto sikuanza nalo kwa sababu nilijua mtaniuliza baba yake yuko wapi, na swali la pili tu likawa hilo. Nondo, ukitaka kuamini au usiamini, ila goti la mwanangu usiliite chai.

Mzee_wa_Ngamiani:
Mwacheni. Mwanangu, usijibizane naye. Fanya jambo moja: hiyo ya kike ya mtumba, mwombe muuzaji uijaribu. Beba mchele kilo 20 kwenye keria, uzunguke uwanjani. Mwili wako utakujibu.

Spoku40:
Mzee amemaliza. Ukipanda, kanyaga pedeli kwa kisigino: mguu ukinyooka kabisa pedeli ikiwa chini, kiti kiko sawa. Mtoto akiwepo kishushe kidogo, ufikishe nyayo chini ukisimama.

Mwanatanga_K:
Wapendwa, nimerudi. Nimeenda leo na kiroba cha mchele. Ile mpya sikuweza hata kuijaribu nacho, hakina pa kukaa. Ya Kijapani ina gia tatu za ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, stendi ya miguu miwili, keria ya chuma. Nilizunguka mara nne. Mara ya kwanza iliyumba, ya nne nikaachia mkono mmoja nikapiga kengele.

Bei 320,000. Muuzaji amekubali advansi yangu ihamie huku, naongeza 70,000. Sijatoa bado. Fundi Spoku, upo Tanga mjini? Jumamosi asubuhi ungeikagua habu na rimu kabla sijatoa hela?

Spoku40:
Nipo. Njoo na mtoto, nipime pa kuweka vikanyagio.